Kigari cha kazi cha mazutu shambani: uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya mvua nje ya Lubumbashi

Nilinunua kigari hiki mwezi wa Oktoba, majuma machache kabla ya mvua za kwanza, kwa sababu pikapu yetu ilikuwa imeshindwa na kazi. Shamba liko kusini mwa Lubumbashi, upande wa mto Kafubu, na njia zake za ndani ni za udongo mwekundu ambao kuanzia Novemba hadi Aprili huteleza kama sabuni. Pikapu ilikuwa ikizama karibu kila juma, trakta ilikula mazutu, yaani dizeli, mengi mno kwa kazi ya kupeleka mifuko sita ya mbolea, na pikipiki haikuweza kubeba tangi la kunyunyizia dawa. Nilihitaji kitu cha katikati. Sasa nimekitumia kwa misimu miwili ya mvua na kiangazi kimoja kilicho kati yake, na ninaandika kwa ajili ya mtu anayefikiria kununua cha namna hiyo, nikitanguliza jambo ambalo aliyeniuzia hakuligusa hata kwa neno moja, nalo ni namna ya kukiendesha bila kumvunja mtu.

Chapa yake siitaji, maana karibu yote nitakayosema yanahusu aina nzima ya magari haya. Ni gari dogo lenye viti viwili vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, usukani wa mviringo, pedali za miguu, fremu ya vyuma juu ya vichwa vya waliokaa, na sanduku la mizigo la nyuma linaloinuka na kumwaga. Injini yangu ni ya mazutu yenye silinda tatu, magurudumu yote manne yanaweza kuvuta, na mwendo wake hauzidi kilomita 50 kwa saa. Kawasaki ilipotoa gari lake la kwanza la namna hii mwaka 1988 ililiita Mule, yaani baghala, na jina hilo linaeleza kazi yake vizuri kuliko tangazo lolote. Wafanyakazi wetu wanakiita kagari, na kwa kweli kinapendeza, tena kinapendeza mno, jambo ambalo nilichelewa kulitambua kuwa ni sehemu ya hatari yake.

Mtu aliyezoea pikapu akikaa kwenye kigari hiki anajiona yuko nyumbani. Usukani ni ule ule, breki ni ile ile, na springi zake laini zinameza mashimo yaliyokuwa yakitutingisha mifupa. Lakini kigari ni chembamba, ni kifupi, kimeinuka juu ya ardhi, na mzigo wake unakaa juu ya ekseli ya nyuma. Kila mazoea anayotoka nayo dereva wa pikapu yanakuwa kweli nusu tu. Mimi mwenyewe nilionyeshwa hilo siku ya nne. Nilisimama kwenye mteremko mdogo karibu na ghala, nikazima injini, nikaacha gia imeingia kama nilivyofanya na pikapu kwa miaka kumi na miwili, nikashuka kuhesabu mifuko. Kigari kikaanza kushuka taratibu, bila sauti, kikaenda kuegemea mwembe. Fundi alipokuja akanieleza kwamba magari mengi ya aina hii hayana klachi kama ya pikapu: nguvu ya injini inapitia kwenye mkanda wa mpira uliozungushwa kwenye puli mbili, na injini inapopoa mwendo au kuzimwa mkanda huo unalegea, hivyo gia haishiki kitu. Kinachoshikilia ni breki ya mkono peke yake. Tangu siku hiyo kuna mawe mawili ndani ya kigari, moja kwa kila gurudumu la nyuma, na hakuna anayeshuka kwenye mteremko bila kuyaweka.

Lakini mwembe ulikuwa somo dogo. Lile kubwa lilikuja Januari, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Viwavijeshi walikuwa wameingia kwenye mahindi, na tulikuwa tukipiga dawa asubuhi na mapema kabla ya upepo. Tangi letu linachukua lita 400. Likiwa limejaa ni kilo 400 za maji, ukiongeza tangi lenyewe, pampu na fremu yake unafika karibu na kilo 470, na kibandiko kilicho ubavuni kinasema sanduku lisizidi kilo 500. Kwa hesabu ya karatasi tulikuwa ndani ya kipimo. Kapita wetu, yaani msimamizi wa wafanyakazi, mzee mwenye busara na dereva mwangalifu kuliko mimi, alikuwa ametumia nusu ya dawa na anarudi kuelekea kisimani. Njia yake ilizibwa na kichuguu. Anayezijua nchi za Katanga anajua kwamba vichuguu vyetu si vya kurukwa kwa mguu: vingine vina urefu wa mita kadhaa na upana wa nyumba, na watu hulima hadi juu yake kwa sababu udongo wake una rutuba. Kapita alipita pembeni mwa kichuguu, magurudumu ya kushoto yakiwa yamepanda ubavu wake na ya kulia yakiwa chini. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea. Alikuwa amepita hapo hapo saa moja kabla, tangi likiwa limejaa, na hakuna kilichotokea.

Tofauti ilikuwa kwamba sasa maji yalikuwa na nafasi ya kutembea. Tangi lililojaa ni zito lakini limetulia. Tangi la nusu ni jepesi zaidi, ila kigari kinapoinama maji yote yanakimbilia upande wa chini, na kigari kinazidi kuinama kwa sababu maji yamekimbia. Kigari kililala ubavu polepole, kama ng'ombe anayechoka. Nilikuwa mbali kiasi cha kuona tu vyuma vikishuka nyuma ya mabua ya mahindi. Nilipofika, kapita alikuwa ananing'inia kwenye mkaba wa kiti, yaani mkanda wa usalama, ameushika usukani kwa mikono miwili, na akaniambia neno ambalo sijalisahau: «Mama, mkono wangu ulitaka kutoka wenyewe.»

Alikuwa anasema kweli ya mwili wa binadamu. Gari likianza kuinama, mguu unataka kutoka ili uzuie na mkono unataka kushika ile fremu ya juu, na ndivyo watu wanavyopondwa, kwa maana kinacholala juu ya mkono huo ni zaidi ya tani moja ya chuma na mzigo. Fremu ya vyuma haizuii gari lisipinduke. Kazi yake ni kuacha uwazi ambamo mtu anaweza kubaki hai likishapinduka, na uwazi huo una faida kwa yule tu ambaye mwili wake wote umo ndani yake. Mkaba ndio unaomweka humo. Mtu asiyefunga mkaba ndani ya fremu imara anaweza kuumia vibaya kuliko asiyekuwa na fremu kabisa, kwa sababu anatupwa nje na fremu yenyewe inamwangukia. Kwa hiyo sheria ya kwanza shambani kwetu, iliyoandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa mbele wa kigari, ni: FUNGA MKABA. Ya pili iko chini yake: SHIKA NDANI. Kitabu cha mtengenezaji ni cha Kiingereza na kina kurasa nyingi za onyo, lakini kwetu watu wanasoma Kiswahili na Kifaransa, na onyo lisilosomeka halimlindi mtu.

Kuhusu mkaba kuna ujanja ninaopaswa kuusema. Kigari changu, kama vingi vya siku hizi, kina kifaa kinachopunguza mwendo ikiwa dereva hajafunga mkaba. Vijana wa shamba waligundua ndani ya juma moja kwamba ukifunga mkaba nyuma ya mgongo wako na kuukalia, kigari kinaamini. Sikuweza kuwashawishi kwa hotuba. Kilichowashawishi ni kapita mwenyewe kuwaonyesha alama ya mkaba kifuani pake, michirizi ya bluu iliyokaa zaidi ya majuma mawili, na kuwauliza kila mmoja angekuwa na alama gani yeye.

Siku ile tulifanya mambo mawili vizuri, nayo nayataja kwa sababu katika fujo ni rahisi kuyasahau. Kwanza, dawa ilikuwa imemmwagikia kapita, basi kabla ya kushughulika na kigari tulimvua nguo na kumwosha kwa maji mengi na sabuni. Pili, baada ya kukiinua kigari hatukukiwasha. Injini ikilala ubavu, oili inaweza kuingia kwenye silinda, na mtu akiiwasha hivyo anaweza kuivunja ndani. Tulimngoja fundi hadi kesho yake. Hasara ikawa kioo cha pembeni, taa moja na lita zilizobaki za dawa.

Baada ya hapo tulibadilisha namna ya kunyunyizia. Tangi jipya lina vizuizi vya ndani vinavyozuia maji yasikimbie kwa pamoja, na linakaa chini zaidi, limesukumwa mbele hadi kugusa ukuta wa sanduku. Anayenunua kigari kwa kazi ya dawa asiruhusu auziwe tangi la kawaida la nyumbani lililofungwa kwa kamba. Vichuguu navyo vimewekewa nguzo za miti, na njia inavizunguka kwa mbali hata kama inapoteza mistari miwili ya mahindi.

Kwenye miteremko kwa ujumla nimejifunza kwamba kigari kinapenda kupanda na kushuka moja kwa moja, na kinachukia kukatisha. Kama mlima umekishinda katikati, dereva asijaribu kugeuza. Akanyage breki, aweke gia ya kurudi, na ashuke kinyumenyume taratibu kwa mstari ule ule aliopandia. Wakati wa kushuka na mzigo tunatumia gia ya chini, ile ya nguvu, na kuacha injini isaidie kuzuia. Gia hiyo ya chini ina faida nyingine: anayepanda na mzigo mzito kwa gia ya juu anauunguza ule mkanda wa mpira, na harufu yake ukiisikia mara moja utaitambua daima. Mimi nimenunua mikanda miwili kwa miezi kumi na minane, wa kwanza kwa ujinga wetu, wa pili kwa sababu kijana mmoja alivuka maji yaliyofika juu ya sakafu, mkanda ukalowa, ukateleza, kigari kikasimama katikati ya dambo, yaani bonde la majimaji. Vipuri vinapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutoka Afrika Kusini na vinachukua muda wake. Kuwa na mkanda wa akiba ghalani si anasa.

Kitufe cha kufunga magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja ni msaada mkubwa kwenye tope, lakini kukisahau kikiwa kimewashwa ni kosa. Kwenye ardhi ngumu kigari kinakataa kukata kona, usukani unakuwa mzito, na dereva anajikuta anaelekea mahali ambapo hakutaka. Tunakiwasha tukiingia kwenye tope na kukizima tukitoka.

Sasa nifike kwenye jambo gumu kuliko yote, ambalo si la ufundi hata kidogo. Kwetu gari lenye nafasi ni gari la watu. Kuanzia utotoni tumeona malori yanayotoka vijijini na makala, yaani makaa ya kupikia, na juu ya makala hayo wamekaa mama, watoto na kuku. Nani basi atamwambia mama aliyebeba beseni la nyanya, anayetembea kilomita tatu kwenda barabarani, kwamba kigari kinachompita kikiwa kitupu hakiwezi kumbeba nyuma? Mimi ndiye ninayemwambia, na kila mara inaniuma. Mmoja aliniambia, «Mama, kumbe mfuko wa mbolea una thamani kuliko mimi?» Nilimjibu kwamba mfuko ukianguka ninauokota. Hakufurahi, nami namwelewa. Sanduku la nyuma halina kiti, halina mkaba, liko nje ya fremu, na mtu mzima aliyesimama humo anainua uzito wa kigari juu kuliko mfuko wowote. Tulichofanya ni kukubaliana kwamba beseni linaweza kupanda, limefungwa kamba, na mwenyewe anatembea mikono mitupu au anakaa kwenye kiti cha abiria ikiwa hakuna mtu. Wamelizoea. Kwa sehemu kubwa wamelizoea.

Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 14, amekuwa akiomba kuendesha tangu likizo ya kwanza. Watengenezaji wengi wanaweka umri wa miaka 16 kuwa wa chini kabisa kwa dereva, na mimi nimesimama hapo hapo, ingawa baba yake aliniona mkali. Kwa abiria ninatumia kipimo cha mwili: mgongo uguse kiti, miguu yote miwili ikanyage sakafu kwa ukamilifu, na mkono ufikie kishikio. Asiyefikia hapandi, hata kama ni kwa dakika tano.

Tahadhari nyingine nazitaja kwa ufupi. Mipira ya kigari inatakiwa hewa kidogo sana. Yangu ni chini ya kilo moja na nusu, kama wanavyohesabu mafundi wetu, lakini mtengeneza mipira wa kando ya barabara aliijaza hadi kilo mbili na nusu kwa nia njema, na siku nzima kigari kikaruka kama mpira wa watoto. Siku hizi kipimo changu kinakaa kwenye kisanduku cha mbele. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, nyasi kavu hujikusanya chini ya kigari karibu na bomba la moshi, na bomba hilo lina joto la kuwasha moto. Kila jioni kijana anazitoa kwa fimbo, na kizima moto kidogo kimefungwa nyuma ya kiti. Chujio la hewa, kwa vumbi letu, tunalifungua kila juma.

Kwenye barabara kuu hakiendi. Muuzaji aliniambia kwamba wengine wanakwenda nacho hadi mjini, na sina shaka wanafanya hivyo, lakini mipira yake imetengenezwa kwa udongo, na kwenye lami inashika vibaya wakati wa kukata kona kwa mwendo. Tena barabara ya Kasumbalesa imejaa malori ya madini ambayo dereva wake, kutoka juu alikokaa, hawezi hata kukiona. Tunaikatisha mara moja tu kufikia shamba la ng'ambo, mmoja akishuka na kusimama pembeni kutazama pande zote.

Lawama yangu kubwa kwa aliyeniuzia ni juu ya fremu. Kigari kilikuwa kimeshatumika, na kilipofika kilikuwa na rafu ya vyuma iliyochomelewa juu yake, ambayo alinisifia kuwa ni zawadi. Kitabu kinasema wazi kwamba fremu haipaswi kuchomelewa wala kutobolewa, kwa sababu moto wa kuchomelea unadhoofisha chuma mahali pale pale kinapotakiwa kuvumilia, na mzigo wa juu unakifanya kigari kipinduke kwa urahisi zaidi. Niliilipia fremu nyingine. Anayekwenda kununua kilichotumika apitishe kidole kwenye viungo vyote vya fremu kabla hajafungua boneti, kwa maana injini inaweza kurekebishwa Lubumbashi, lakini fremu iliyoharibiwa inabadilishwa nzima. Na apime upana. Mwaka 2009 Yamaha, pamoja na tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, ilitangaza matengenezo ya bure kwa magari yake ya namna hii yaitwayo Rhino baada ya ajali nyingi za kupinduka, na sehemu ya matengenezo hayo ilikuwa kupanua nafasi kati ya magurudumu ya nyuma. Nilipolisoma hilo niliacha kuutazama upana kama jambo la sura.

Je, ningekinunua tena? Ndiyo, na ningenunua hiki hiki. Kinatumia mazutu kidogo kuliko pikapu, kinafika mahali ambapo trakta inaharibu mimea, na msimu huu uliopita hatukuvuta gari lolote kutoka kwenye tope. Lakini ningetenga, ndani ya bei ile ile, siku tatu za kumfundisha kila dereva kwenye uwanja mtupu, kwanza bila mzigo, kisha na mzigo, kisha na tangi la nusu, kabla ya kumpa ufunguo. Sasa madereva wetu ni watatu. Ufunguo unakaa kwa kapita, na anayeuomba anaulizwa kwanza anakwenda kubeba nini na atapitia wapi.